Waache Waogope Kwanza, Ndipo Uwaulize

Mwanafunzi akimaliza filamu yake fupi ya kutisha, watu wa kwanza kuwaonyesha huwa ni wale wanaompenda: wenzake wa hosteli, dada yake, mshikaji aliyemwazima kamera. Filamu inakwisha, taa inawashwa, wote wanasema, "Kali sana, hongera." Mmoja anaongeza kwamba aliogopa mpaka basi. Mwenye filamu anaandika kwenye ripoti yake kuwa watazamaji waliipokea vizuri, anakabidhi, na filamu inabaki vilevile ilivyokuwa. Maoni ameyakusanya, lakini hayakumfanyia kazi yoyote.

Si kwamba watu wale ni waongo. Tumelelewa kutomvunja mtu moyo, hasa akiwa amesimama mbele yetu na jasho lake halijakauka. Mwenyeji akikuuliza kama chakula chake ni kitamu, jibu analijua kabla hujafungua mdomo. Ila filamu ya kutisha ina bahati ambayo filamu ya mapenzi haina: woga huonekana mwilini. Mtu anaweza kukudanganya kwa maneno kuwa ameogopa, lakini mabega yake hayawezi. Kwa hiyo shika jambo moja tangu mwanzo. Mtazamaji ni shahidi wa kuaminika wa kile alichokihisi na wapi alikihisi. Si fundi wa kukuambia urekebishe nini. Ushahidi uchukue kwake, na ufundi ubaki kwako.

Watafsiri wa filamu waliotamba kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam, Lufufu akiwa mmoja wao, walifanya kazi papo hapo mbele ya watu waliobanana kwenye mabenchi. Mtu wa kazi ile hahitaji dodoso. Benchi likitulia anajua amelishika. Minong'ono ikianza anajua amelipoteza. Huo ndio usikivu unaoutafuta.

Usiwamalize watazamaji siku moja

Mtazamaji wa filamu ya kutisha hutumika mara moja tu. Akishajua mzimu unatokea kabatini, hutampata tena akiwa hajui. Mara ya pili atakupa maoni kuhusu mwanga au uigizaji, na ni maoni mazuri, lakini kuhusu woga amekwisha. Kwa sababu hiyo, ukiwa na watu 20 unaoweza kuwapata, usiwaite wote kwenye toleo la kwanza. Ita sita. Rekebisha, kisha ita sita wengine ambao hawajaona wala kusimuliwa. Wanane waliobaki watunze kwa toleo ambalo wewe mwenyewe unaamini limekamilika. Na waombe wa kwanza wasisimulie, maana mabweni hayana siri.

Waliosoma mswada, walioshika taa na waliokuwepo siku ya kupiga picha wasiwemo kabisa. Hao wakiona ukuta mweusi wanakumbuka jinsi jenereta lilivyozimika. Wachanganye wapenzi wa filamu za kutisha na wasiozipenda: wa kwanza watakuambia wapi umeiga, wa pili watakuonyesha wapi panauma. Wale wa kwanza ndio watakaogundua, kwa mfano, kwamba mwanamke wako wa nywele ndefu zilizofunika uso ametoka moja kwa moja kwenye Ringu ya Hideo Nakata ya mwaka 1998. Kama hadithi yako ina jini, changanya pia wenye imani tofauti. Kwa mtu aliyekulia Tanga au Mombasa akisikia habari za mwanamke mrembo mwenye miguu ya kwato, jini si kitu cha sinema. Anaweza kuogopa tangu utaji wa mwanamke huyo unapopita dirishani. Aliyekulia kwingine, ambako hadithi hiyo haisimuliwi, anaweza kukaa tuli mpaka kwato zionekane. Ukimpima mmoja peke yake utadhani filamu yako ni kali kuliko ilivyo, au dhaifu kuliko ilivyo.

Watoto waache nje, hata kama wanabisha mlango.

Chumba na sauti

Kuionyesha filamu ya kutisha saa nane mchana kwenye simu, feni inazunguka na watu wanaingia na kutoka, ni kupoteza watazamaji bure. Subiri giza. Funga pazia. Tafuta projekta ya chuo au televisheni kubwa, na zaidi ya yote tafuta spika za maana. Mngurumo wa chini uliouweka ili kuwatia watu wasiwasi hausikiki kwenye spika ndogo ya simu. Pale ulipotaka moyo udunde, mtazamaji anasikia kimya tu. Kama unajua filamu itaishia kusambazwa kwa simu, basi fanya pia onyesho la watu wachache wenye simu na hedifoni, lakini andika matokeo yake kando. Hizo ni filamu mbili.

Kuhusu sauti kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kukijua. John Carpenter alipomaliza kuhariri Halloween, iliyotoka mwaka 1978, alimwonyesha mama mmoja, ofisa wa kampuni ya 20th Century Fox, filamu ikiwa bado haina muziki wala sauti za ziada. Mama yule hakuogopa hata kidogo. Carpenter angeweza kuirarua filamu na kuanza upya kwenye chumba cha kuhariri. Badala yake aliamua kuiokoa kwa muziki, akautunga mwenyewe kwa muda mfupi, ule wa kinanda unaojirudia kwa mapigo matano yasiyompa msikilizaji pa kupumzikia. Ameeleza mwenyewe kwamba baadaye alikutana tena na ofisa yule, na sasa alikuwa akiipenda filamu, ilhali kilichoongezeka ni muziki tu.

Kisa hiki kinakufundisha mambo mawili, na la pili husahaulika. La kwanza ni kwamba sauti ni nusu ya woga au zaidi. La pili ni kwamba maoni juu ya filamu isiyo na sauti ni maoni juu ya filamu nyingine. Kabla ya kuwaita watu, weka sauti ya muda: upepo, mlango, hatua, hata muziki wa kuazima utakaouondoa baadaye. Isiwe safi, lakini iwepo.

Keti pembeni

Usisimame mbele kuomba radhi. Kila mwanafunzi anataka kusema, "Jamani, rangi bado haijarekebishwa, na yule mwigizaji alikuwa anaumwa." Ukisema hivyo umewapa watu kitu cha kukuhurumia. Sema kwamba ni toleo la majaribio, kwamba hutaudhika na lolote, kisha zima taa. Usieleze hadithi. Kama filamu inahitaji maelezo ya dakika mbili kabla ya kuanza, hayo nayo ni maoni, na umeyapata bure.

Wewe usiketi nyuma yao kutazama filamu uliyokwisha kuiona hadi kuichoka. Keti ubavuni mwa skrini, mahali unapoziona nyuso zao bila kuwasumbua. Ukiweza, weka simu juu ya stuli iwarekodi kwa mwanga wa skrini, baada ya kuwaomba ruhusa waziwazi na kuwaahidi kwamba video itafutwa ukishamaliza kazi. Anza kurekodi kabla filamu haijaanza na upige kofi moja, ili baadaye uweze kulinganisha dakika ya nyuso na dakika ya filamu.

Unatafuta nini? Anayevuta miguu juu ya kiti. Anayeshika mkono wa jirani. Anayetazama kupitia vidole. Anayeacha kutafuna bisi, maana mtu akiwa na wasiwasi taya husimama. Hao umewapata. Anayetazama saa, anayefungua simu, anayejinyoosha, hao umewapoteza, na sekunde waliyojinyoosha ina thamani kuliko sentensi tano watakazokuandikia baadaye. Angalia pia walionyamaza. Kimya cha watu waliosogea mbele na kimya cha watu walioegemea nyuma havifanani.

Kicheko ndicho kinachowachanganya wengi. Kuna kicheko kinachofuata mshtuko: mtu ameruka, kisha anacheka na kumtazama jirani kwa aibu. Hicho ni pumzi inatoka, na ni sifa kwako. Kuna kicheko kinachotangulia mshtuko, au kinachokuja mahali pasipo na mshtuko wowote, macho yakiwa bado kwenye skrini na mdomo umepinda upande. Hicho wanakucheka. Ukisoma tu kwenye daftari lako "walicheka dakika ya nne" hutajua ni kipi. Ndiyo faida ya video ya nyuso.

Hata wakubwa hukosea kuzisoma dalili. Paranormal Activity, ambayo Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa takribani dola 15,000, inasimuliwa kuwa ilipoonyeshwa kwa majaribio watu walianza kutoka ukumbini. Wenye studio wakaona wamenunua hasara. Kumbe watu wale walikuwa wanatoka kwa sababu hawawezi kuvumilia tena. Filamu ilipotoka kwenye kumbi nyingi mwaka 2009, tangazo lake lilionyesha nyuso za watazamaji gizani pamoja na filamu yenyewe, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Mtu akitoka kwenye onyesho lako, mfuate nje na umuulize kwa upole. Usijijibie.

Maswali baada ya taa kuwaka

Karatasi kabla ya mazungumzo. Hili ukilikosea umeharibu yote. Katika kundi lolote kuna msemaji, au kuna mkubwa kwa umri au cheo, na akishasema kwamba mwisho ni mzuri, wengine watano wataukuta mwisho ni mzuri. Gawa vipande vya karatasi visivyo na majina, toa dakika tano za ukimya, kusanya, ndipo mjadili. Asiyependa kuandika akurekodie sauti kwenye WhatsApp akiwa peke yake koridoni.

Maswali yenyewe yawe machache. "Umeipenda?" na "Imekutisha?" yatupe, yana jibu moja la adabu. La kwanza na la lazima ni: nisimulie kilichotokea, kama unamsimulia mtu ambaye hakuwepo. Utashangaa. Kati ya watu sita mmoja atakuambia yule bibi alikuwa mama wa msichana, mwingine atasema alikuwa mzimu tangu mwanzo, na wewe ulidhani ni wazi kabisa kwamba ni jirani. Kisha uliza: ni wapi ulijua kinachokuja kabla hakijaja? Ni wapi ulitaka kushika simu? Ni kitu gani hukukiona au hukukisikia vizuri? Basi. La mwisho liulize kesho yake, kwa ujumbe mfupi: unakumbuka nini kwenye ile filamu? Picha itakayotajwa na wengi siku ya pili ndiyo moyo wa filamu yako, hata kama wewe uliichukulia kuwa ya kupitia tu. Usiikate.

Kumbuka una watu sita. Usiandike kwamba asilimia 83 waliogopa. Andika watano kati ya sita. Mwalimu anayesoma asilimia hizo anajua kuhesabu.

Ugonjwa uko nyuma ya maumivu

Sasa tuingie jikoni. Tuseme filamu yako ni ya dakika saba na inaitwa Ndoo. Msichana wa kidato cha tatu amebaki bwenini peke yake siku ya kufunga shule kwa sababu mzazi wake amechelewa kumfuata. Usiku umeingia. Bafuni ndoo inasikika ikiburutwa sakafuni. Anakwenda, anaikuta ndoo katikati ya sakafu, hakuna mtu. Anarudi, anashusha neti, analala. Kamera inapanda taratibu mpaka kitanda cha juu, na ndani ya neti ya juu kuna mtu amekaa.

Kwenye onyesho la kwanza, wanne kati ya sita wakacheka pale neti ya juu ilipoonekana, dakika ya tano na sekunde kumi. Kicheko kibaya, kile cha mdomo uliopinda. Kwenye karatasi wawili wameandika, "Mzimu hautishi," na mmoja amekushauri umpake damu usoni.

Wengi hapa watarudi bwenini na kamera kupiga upya kitanda cha juu: poda zaidi, damu, ukelele. Usifanye haraka. Rudisha nyuma video ya nyuso. Dakika ya tatu na sekunde ishirini, bafuni, uliweka shoti ya mkono mweupe ukishika kingo za mlango. Wawili waliruka kidogo, mmoja akamnong'oneza jirani, na kuanzia hapo mabega ya wote yakalegea. Walishapewa jibu: kuna mtu, na ana poda mkononi. Kilichobaki ni kusubiri wamwone uso, na walipomwona alikuwa vilevile walivyotarajia. Kicheko cha dakika ya tano kilizaliwa dakika ya tatu.

Basi toa mkono. Iache ndoo peke yake, na iache kwa sekunde tatu zaidi ya unavyoona inafaa. Halafu sikiliza bomba la bafuni. Tangu mwanzo wa usiku lilikuwa linadondosha tone. Fanya tone lile likome muda mfupi kabla kamera haijaanza kupanda. Jaribu likome fremu sita kabla, kisha fremu 20, kisha sekunde nzima. Kwa fremu 25 za kila sekunde, hizo ni robo sekunde, karibu sekunde moja, na sekunde kamili. Utasikia mwenyewe ni ipi inayokaza kifua. Kazi hii haikugharimu hata shilingi, na mwigizaji hukumsumbua.

Onyesho la pili, watu sita wapya. Hakuna aliyecheka. Lakini karatasi tatu zina swali moja lililoandikwa kwa namna tatu: kwa nini hakukimbia alipoiona ile ndoo? Mmoja anashauri msichana ajaribu mlango na kulia. Ushauri huo ungekula dakika nzima na kuvunja ukimya ulioujenga. Swali lenyewe, hata hivyo, ni halali, maana mtazamaji akishamwona mhusika ni mjinga anaacha kumwogopea. Dawa iko nyuma zaidi, dakika ya kwanza: matroni anafunga geti la bweni kwa mnyororo na kumwambia, "Mzazi wako akifika, mlinzi ataniita." Sekunde nane. Bafuni hukugusa kitu.

Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walikutana na jambo kama hilo kwenye The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Watazamaji wa mwanzo hawakuuelewa mwisho wake, kijana amesimama kwenye kona ya chumba cha chini akiutazama ukuta. Kampuni iliyoinunua filamu ilitaka mwisho mwingine, na wakapiga kadhaa. Mwishowe wakabaki na ule ule. Walichofanya ni kuongeza, mwanzoni kabisa mwa filamu, mahojiano ya mwanakijiji anayesimulia muuaji wa zamani aliyemsimamisha mtoto mmoja aelekee kona wakati akimuua mwingine. Mtazamaji analisikia, analisahau, kisha kona ile inamrudia usiku. Walalamikaji waliulalamikia mwisho. Kilichorekebishwa ni mwanzo.

Kwa hiyo andaa jedwali la safu nne: dakika na sekunde, watu walifanya nini, waliandika nini, na chanzo unachokishuku. Safu ya nne ndiyo kazi yenyewe. Kila mahali penye shida jiulize walikuwa wanajua nini kabla ya kufika hapo, na walikuwa hawajui nini. Mtu akisema "ongeza damu," mara nyingi anakuambia hamjali vya kutosha aliye hatarini. Akisema "ni ndefu," pengine dakika saba si tatizo ila hajui anasubiri nini. Na akisema "hatukuona kitu," mwamini kama alivyo: giza la filamu linahitaji taa. Weka koroboi, mwanga wa geti, kioo cha simu, chochote cha kumpa mtazamaji ukingo wa uso, kisha mengine yabaki meusi. Kamera iliyoachwa bila mwanga hutoa ukungu wa chenga, na chenga hazimtishi mtu.

Ukirekebisha hapa, pima pale

Steven Spielberg baada ya onyesho la majaribio la Jaws mwaka 1975 aliona ukumbi umepiga kelele vizuri, akataka ukelele mmoja zaidi. Studio haikutaka kulipia tena. Akatoa takribani dola 3,000 zake, wakapiga kichwa cha mvuvi aliyekufa kikichomoza kwenye tundu la mashua, ndani ya bwawa la kuogelea la mhariri wake, Verna Fields, maji yakiwa yametiwa maziwa ili yafanane na bahari iliyovurugika. Ukumbi uliofuata ukapagawa. Ila Spielberg amesema pia kwamba kuanzia hapo watazamaji walikuwa wamejihami, na papa alipochomoza baadaye nyuma ya boti, ukelele ulipungua kuliko ulivyokuwa kabla ya kuongeza kichwa.

Mshtuko mmoja hukopa nguvu kwa mwingine. Ndiyo maana usirekebishe mambo kumi kati ya onyesho moja na jingine. Hutajua lipi limeponya na lipi limeumiza. Shughulikia mawili au matatu yaliyotajwa na wengi bila kuulizwa, kisha onyesha filamu nzima, si sini uliyoibadilisha tu. Na kila toleo lihifadhi kwa jina na tarehe yake. Mara nyingine la pili ndilo lililokuwa zuri.

Maoni ya kukataa, na moja la kutokataa

Si kila unachoambiwa ukitii utasalimika. I Am Legend ya mwaka 2007, yenye Will Smith, ilibadilishiwa mwisho baada ya maonyesho ya majaribio. Mwisho wa awali, ambao mhusika anatambua kwamba viumbe wale wanamtaka tu mwenzao aliyemteka, ukawekwa pembeni, akafa shujaa kwa bomu. Mwaka uliofuata mwisho ule wa kwanza ulitoka kwenye DVD, na wapenzi wengi wa filamu hiyo mpaka leo wanaushikilia kuwa ndio uliobeba maana ya hadithi. Mtazamaji anapotoka ukumbini akiwa na dukuduku, karatasi yake itasomeka kama malalamiko. Filamu ya kutisha inaruhusiwa kumwacha mtu na dukuduku. Tofautisha asiyeelewa na asiyeridhika: wa kwanza msaidie, wa pili unaweza kumwacha hivyo hivyo.

Kwa kawaida lalamiko la mtu mmoja liandike na uendelee. Lakini kuna aina moja ambayo sauti moja inatosha. Mtazamaji akikuambia kwamba kitisho chako kinamdhuru mtu halisi, simama. Bibi kizee mwenye macho mekundu anapendeza kwenye filamu za wanafunzi kwa sababu hagharimu kitu. Huko Shinyanga na Mwanza wazee wa namna hiyo wameuawa kwa kudhaniwa ni wachawi, na wekundu wa macho yao ulikuwa wa moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa na kukatwa viungo nchini Tanzania kwa ajili ya ushirikina. Kumfanya mmoja wao kuwa zimwi, au kuonyesha kiungo chake kikileta utajiri bila hadithi kulipinga jambo hilo, ni kuupa uongo ule picha na muziki. Hapo huhitaji karatasi tatu. Badilisha mhusika.

Ripoti na tarehe

Kwenye ripoti ya mradi usibandike sifa. Weka jedwali lako, chagua mabadiliko mawili, na onyesha picha ya kabla na ya baada pamoja na walichofanya watazamaji mara zote mbili. Ongeza pendekezo moja ulilolikataa na sababu yake. Msahihishaji huona upesi nani alifikiri na nani alitii. Majina ya watazamaji yasionekane.

Kisha weka siku ya kufunga maoni, angalau wiki moja kabla ya kukabidhi, maana baada ya hapo kila atakayeiona filamu atakuwa na lake. Kama kazi yako inatakiwa mwisho wa mwezi huu, onyesho la watu sita lifanye Ijumaa hii, saa mbili usiku. Waambie waje bila watoto, na wewe keti ubavuni mwa skrini.